Ndege nyuki iliyopotea ikipatikana: Kuwaka si kupona

Na Mwandishi Wetu

MIGOMBA ya Nshamba, wilayani Muleba katika Mkoa wa Kagera, huficha mengi. Chini ya majani yake mapana kuna mibuni, kuna maharage, na ardhini kuna matandazo ya nyasi kavu zilizokatwa rweya, yaani kwenye mbuga za majani zinazotenganisha kijiji na kijiji. Kitu kidogo kikidondoka humo kutoka angani, mwenyewe anaweza kupita hatua tatu kutoka kilipo na asikione.

Miongoni mwa vitu vinavyoweza kudondoka kibanjani siku hizi ni ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo Watanzania wengi huziita ndege nyuki au droni. Wapiga picha huzitumia katika harusi, na wako wanaozinunua kwa ajili ya kujiburudisha tu. Msimu wa sikukuu, wenyeji wanaoishi mijini wanaporejea nyumbani, chombo hicho kinaweza kuwa sehemu ya mizigo yao.

Ndege hizo hupotea. Upepo huzichukua, vilima huzikatia mawasiliano, miti huzidaka, na betri huzitupa chini. Mmiliki huzunguka siku nzima, akakata tamaa, akahesabu hasara.

Lakini jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kupotea si kuharibika. Ndege iliyolala shambani kwa siku kadhaa na hata kunyeshewa mvua inaweza kuokotwa, ikatiwa betri yenye chaji, na taa zake zikawaka kana kwamba ilitua dakika chache zilizopita.

Hapo ndipo penye furaha, na hapo hapo ndipo penye hatari. Taa kuwaka si ushahidi kwamba ndege imepona. Pia, mtu anayeweza kuiokoa au kuiharibu kabisa mara nyingi si mmiliki, bali ni yule aliyeiokota. Makala haya yanaeleza kwa nini ndege hizi hupotea, namna ya kuzitafuta, kwa nini nyingine hubaki nzima, na mambo yanayopaswa kufanywa kabla ya kuzirusha tena.

Vilima, upepo na kiburi cha rubani

Ndege nyuki nyingi za kisasa za kujiburudishia zina mfumo wa kurejea nyumbani zenyewe. Zinaporuka, hurekodi mahali zilipoondokea kwa kutumia satelaiti za mfumo wa GPS. Mawasiliano na rimoti yakikatika, hupanda hadi kimo kilichopangwa, kisha hurudi kwa mstari ulionyooka na kutua.

Mfumo huo ni mzuri, lakini una masharti. Sharti la kwanza ni kwamba ndege iwe imezipata satelaiti za kutosha kabla haijaruka. Rubani mwenye haraka anayeinyanyua kabla ya hapo huwa ameituma safari bila kuiambia kwao ni wapi.

Sharti la pili linahusu kimo, na hili ndilo linalopaswa kuwasumbua watu wa Muleba, wilaya yenye vilima na magenge yanayoinuka kutoka usawa wa ziwa. Ndege hizi hupima kimo kwa kutumia kanieneo ya hewa, na hesabu huanzia mahali ziliporukia. Mita 30 zinazoonekana kwenye kioo cha simu si mita 30 juu ya ardhi iliyo chini ya ndege. Ni mita 30 juu ya pale alipokuwa rubani wakati wa kuirusha.

Kwa hiyo, mtu anayeirusha bondeni na kuielekeza upande wa kilima kinachopanda mita 100 anaweza kuigonga kwenye mlima huku simu ikimwonyesha kwamba iko juu kabisa. Vivyo hivyo, ndege iliyoamriwa kurejea nyumbani kwa kimo cha mita 30 itakuja moja kwa moja kwenye mkaratusi wenye urefu wa mita 35.

Upepo ni adui wa tatu. Kando ya Ziwa Victoria, upepo wa mchana kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku huweza kugeuka. Ndege ndogo yenye uzito wa gramu 249 hutengenezwa kustahimili upepo wa kiasi cha mita 8 hadi 10 kwa sekunde, si zaidi ya hapo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme ndege inaweza kwenda mita 10 kwa sekunde katika hewa tulivu, na upepo unavuma mita 6 kwa sekunde. Ikienda na upepo itasafiri mita 16 kwa sekunde, na kwa dakika mbili itakuwa umbali wa mita 1,920. Ikigeuka kurudi, mwendo wake utakuwa mita 4 tu kwa sekunde, na safari ile ile itahitaji dakika nane. Rubani aliyehesabu dakika mbili za kwenda na mbili za kurudi atakuwa ameipoteza.

Adui wa nne ni chuma. Ndege hizi zina dira ndani yake, na dira huchanganyikiwa ikiwa karibu na nondo, gari au paa la bati. Ikirushwa juu ya boneti la gari au juu ya zege lenye nondo, inaweza kuanza kuzunguka na kukimbilia upande isiotakiwa. Wamiliki husema imetoroka, ingawa kwa kweli imepotoshwa.

Wa tano ni kilima kinachosimama kati ya ndege na rimoti. Mawimbi ya redio yanayotumiwa na vyombo hivi, ya gigahezi 2.4 na 5.8, husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapiti mlimani. Hata majani ya migomba, kwa kuwa yana maji mengi, huyadhoofisha.

Hilo limewahi kutokea hata katika sayari nyingine. Helikopta ndogo ya Ingenuity, iliyotumwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) katika sayari ya Mars, iliruka kwa mara ya 52 Aprili 26, 2023. Ilipokuwa ikishuka, kilima kilisimama kati yake na gari la Perseverance lililokuwa likipokea taarifa zake. Mawasiliano yakakatika.

Wataalamu walisubiri siku 63. Juni 28 mwaka huo, gari lile lilipopanda na kuvuka kilima, helikopta ikasikika tena. Haikuwa imevunjika. Mwezi uliofuata ikaruka tena. Somo lake kwa mtu wa Nshamba ni hili: kukatika kwa mawasiliano si habari ya kifo, na dawa ya kwanza ni kupanda mahali pa juu.

Mahali pa kuanzia kutafuta

Kosa la kwanza la mmiliki aliyepotelewa ni kuzima simu na kukimbilia shambani. Simu hiyo ndiyo shahidi mkuu. Programu nyingi za kurushia ndege huhifadhi kumbukumbu ya safari, ikiwamo mahali pa mwisho ndege ilipowasiliana, kimo chake, mwendo wake, upande iliokuwa ikielekea na kiasi cha chaji kilichobaki.

Kumbukumbu hiyo inapaswa kunakiliwa papo hapo, hata kwa kupiga picha kioo cha simu, kabla ya jambo jingine lolote.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa alama ile ya mwisho kwenye ramani ni mahali mawasiliano yalipokatika, si lazima pawe mahali ndege ilipoangukia. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 100 huchukua takriban sekunde 4.5 kufika chini, bila kuhesabu ukinzani wa hewa. Kama kilikuwa kikienda mbele kwa mita 10 kwa sekunde, kitatua kiasi cha mita 45 mbele ya alama.

Kwa hiyo utafutaji uanzie kwenye alama, kisha uelekee upande ambao ndege ilikuwa ikienda, na baadaye upande upepo ulikokuwa ukielekea. Ikiwa betri ilikuwa bado na chaji ya kutosha mawasiliano yalipokatika, inawezekana kabisa kwamba ndege ilianza kurudi yenyewe. Katika hali hiyo, mstari wa kutafuta ni ule unaounganisha alama ya mwisho na mahali iliporukia, na miti yote mirefu iliyo juu ya mstari huo ikaguliwe.

Rimoti iendelee kuwashwa. Ndege iliyoanguka bila betri kuchomoka huendelea kutoa mawimbi, ila ikiwa chini ya migomba mawimbi hayo hayafiki mbali. Mmiliki akitembea huku rimoti ikiwa juu ya kichwa chake, mawasiliano yanaweza kurudi ghafla. Kwa kuwa mota hazizunguki, chaji iliyobaki hudumu muda mrefu kuliko ambavyo ingedumu angani.

Baadhi ya ndege zina amri ya kuwasha taa na kutoa mlio ili zipatikane. Amri hiyo ni bora itumike jioni, kelele za mchana zinapopungua na giza linapoanza kuifanya taa ndogo ionekane.

Shambani, watafutaji wapange safu moja, kila mtu akitazama eneo lake, mmoja akitazama chini na mwingine akitazama juu. Ndege nyingi hazifiki chini. Hunaswa kwenye matawi. Aidha, haifai kuingia kibanja cha mtu bila kubisha hodi. Mwenye shamba akielezwa anaweza kuwa msaada mkubwa, kwa kuwa yeye huona haraka kitu kigeni kati ya migomba yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa nini hubaki nzima

Jibu la kwanza ni wepesi. Kitu chepesi huanguka taratibu kuliko kizito chenye umbo kama lake, kwa sababu hewa hukizuia zaidi. Mende akidondoka darini huondoka akitembea. Ndege ya gramu 249 haina bahati kama ya mende, lakini haipati kishindo kinachoipata ndege ya kilo kadhaa.

Ndiyo maana ndege za kibiashara hazipaswi kulinganishwa na hizi. Mwaka 2018, kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, zilifanya majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60 uliotumia wastani wa dakika 40. Chombo kile kiliweza kubeba mzigo wa kilo nne. Kikianguka chombo cha namna hiyo, hadithi yake ni nyingine.

Jibu la pili ni mahali pa kuangukia. Majani ya mgomba huchanika na kupunguza mwendo, na matandazo ya nyasi ardhini hupokea kama godoro. Kibanja kinachomficha mmiliki ndege yake ndicho hicho hicho kinachoilinda.

Jibu la tatu limo katika ufundi wenyewe. Mota za ndege nyingi za aina hii hazina brashi kama zilizomo katika mota za zamani. Ndani yake kuna nyaya za shaba zilizopakwa rangi isiyopitisha umeme, na sumaku inayozunguka bila kugusana nazo. Mota ya namna hiyo inaweza kulowa maji baridi, ikakauka, na ikaendelea kuzunguka. Kinachoiumiza baadaye ni kutu kwenye beringi, au mchanga unaoingia kati ya sumaku na shaba.

Mapanga yake ni ya plastiki na ni rahisi kuvunjika. Kwa kuvunjika kwake, hunyonya sehemu ya kishindo ambacho vinginevyo kingefika kwenye mikono na mota.

Kadi ya kumbukumbu nayo haina kitu kinachozunguka wala kusogea. Mara nyingi picha hupona hata chombo kikiwa kimekwisha. Video ya mwisho inaweza kukataa kufunguka kwa sababu haikufungwa vizuri umeme ulipokatika. Baadhi ya ndege huweza kuirekebisha zenyewe zinapowashwa kadi ikiwa ndani.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni kishikio cha kamera, kile kinachoituliza picha isitikisike. Ndege inaweza kuruka vizuri kabisa huku kamera ikitazama pembeni kama mtu aliyeumia shingo.

Betri ndiyo yenye hatari

Hadi hapo habari ni njema. Habari mbaya iko kwenye betri, na aliyeokota ndege anapaswa kuielewa kuliko kitu kingine chochote.

Ndege hizi hutumia betri za lithiamu. Kila seli ina kiasi cha volti 3.7 kwa kawaida, na ikijaa hufika volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya volti 3 na kuachwa hivyo, huanza kudhurika. Ndege iliyoanguka ikiwa imewaka huendelea kuinyonya betri hadi ikauke.

Betri iliyokauka kupita kiasi hupata madhara yasiyoonekana kwa macho. Shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka katika kimiminika cha betri. Ikichajiwa tena, shaba ile hujijenga upya mahali pasipostahili, na inaweza kusababisha shoti ndani ya seli. Betri hupata joto, huvimba, na inaweza kulipuka moto.

Betri iliyotobolewa na kijiti au iliyobonyea kwa kishindo ina hatari hiyo hiyo, na moto wake unaweza kuchelewa. Inaweza kuonekana salama wakati wa kuokotwa, kisha ikawaka saa kadhaa baadaye ikiwa juu ya meza au chini ya kitanda. Moshi wake una sumu.

Fikiria basi mtoto aliyeokota ndege kibanjani, akaipeleka nyumbani, na kaka yake akajaribu kuichaji usiku kwa chaja ya kuungaunga ili waone kama inafanya kazi. Chumba kina godoro, pazia na nguo. Au fikiria betri iliyotoboka ikiachwa juu ya matandazo makavu wakati wa kiangazi. Kitu cha kuchezea kinaweza kugharimu nyumba au shamba.

Kanuni kwa aliyeokota ni fupi. Asiiwashe. Achomoe betri kama inachomoka kwa urahisi, bila kutumia nguvu wala bisibisi. Betri iwekwe nje, mbali na nyumba, juu ya mchanga au ndani ya chombo cha chuma au cha udongo kilicho wazi, mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki. Asiichaji kabisa.

Kwa mmiliki, ushauri ni kuichukulia betri iliyoanguka au kulala nje kuwa imekufa, hata kama bado ina chaji. Betri mpya ni ghali, lakini ni rahisi kuliko nyumba.

Maji, mchele na subira

Kagera ni mkoa wa mvua. Misimu yake miwili, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba, huifanya ndege iliyopotea kuwa na nafasi kubwa ya kunyeshewa kabla ya kupatikana. Wilaya ya Muleba pia ina ufuko mrefu na visiwa ndani ya Ziwa Victoria, ambako ndege inaweza kutumbukia.

Hapa mtu wa Muleba ana unafuu ambao mwenzake wa Zanzibar au Dar es Salaam hana. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa wepesi, na hula shaba na risasi za kwenye bodi kwa muda mfupi sana. Ndege iliyotoka baharini husafishwa upesi kwa maji safi ili chumvi iondoke. Iliyotoka ziwani au mvuani ina muda zaidi.

Katika hali zote mbili, kinachoua bodi haraka zaidi ni umeme kupita ikiwa imelowa. Maji na umeme vikikutana hula vyuma vyembamba na kuacha ukungu wa kijani unaofahamika kwa kila fundi simu. Ndiyo sababu betri hutangulia kutolewa, na ndiyo sababu kuiwasha ili kujaribu tu ni kosa kubwa.

Baada ya hapo ni kuifungua, kuitoa matope, kuipangusa kwa brashi laini na spiriti safi isiyo na maji mengi, na kuiacha mahali penye kivuli na upepo kwa siku kadhaa. Jua kali la adhuhuri na jiko la mkaa si mahali pake, kwani joto hupinda plastiki na kuharibu kioo cha kamera.

Wengi hukimbilia kuitumbukiza kwenye mchele. Desturi hiyo haina faida kubwa. Mchele haunyonyi maji yaliyojificha chini ya vipande vya bodi, na vumbi lake huingia kwenye beringi za mota. Hewa inayopita hufanya kazi bora zaidi. Anayeshindwa kuifungua aipeleke kwa fundi anayejua kusafisha bodi za simu, kwa kuwa kazi ni ile ile.

Kuwaka si kupona

Ndege ikishakauka na kuwekewa betri nyingine iliyo salama, jaribio la kwanza hufanywa bila mapanga. Inawashwa ikiwa mezani. Taa zake, kamera, satelaiti na ujumbe wa makosa kwenye simu hukaguliwa. Kisha kila mota huzungushwa kwa kidole. Inayokwaruza au kugoma ibadilishwe.

Mapanga yote yabadilishwe hata kama yanaonekana mazima. Ufa mdogo kama unywele hutosha kuleta mtikisiko, na panga linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika likikatika angani, ndege hupinduka papo hapo. Mikono ya ndege ikaguliwe kwa kuipinda taratibu.

Dira na vipima mwelekeo virekebishwe upya kwa kufuata maelekezo ya programu, mahali pasipo na bati wala gari. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayoweza kufanya ndege iliyopatikana Jumatatu ipotee tena Jumanne.

Ndipo irushwe kwa mara ya kwanza mita moja au mbili juu ya nyasi, mahali pasipo na watu, na kuachwa ikielea kwa dakika kadhaa. Ikiyumba, ikizunguka yenyewe au mota moja ikipata joto kuliko nyingine, bado ni mgonjwa. Ikitulia, iongezewe kimo na umbali siku kwa siku. Si chombo cha kupelekwa juu ya umati wa harusi Jumamosi hiyo hiyo.

Ile helikopta ya Mars inatupa somo la pili. Iliendelea kuruka hadi Januari 18, 2024, ilipomaliza safari ya 72, ingawa ilikuwa imepangiwa tano tu. Katika safari hiyo mapanga yake yaliharibika. Ilibaki imesimama wima, ikaendelea kuwasiliana, lakini wataalamu wakatangaza kuwa haitaruka tena. Ilikuwa inawaka, ila haikuwa imepona. Walioitengeneza walijua tofauti hiyo.

Aliyeokota na mwenye mali

Linabaki swali la mtu aliyeiokota. Nchini Tanzania, kitu cha kuokota si lazima kiwe chako. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoeleza maana ya wizi, kinamlinda aliyeokota mali iliyopotea ikiwa tu hakumjua mwenyewe na aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Ni vigumu kutoa utetezi huo kwa ndege yenye namba za utambulisho, na pengine namba ya simu iliyobandikwa ubavuni. Njia salama ni kuipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya kijiji au kituo cha polisi, na kupata uthibitisho kwamba imekabidhiwa.

Picha zilizomo nazo si za kuchezea. Zinaweza kuonyesha nyua za watu, watoto wao na shughuli za familia. Tangu Mei 2023, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Busara inataka kadi ibaki ndani ya ndege hadi ifike kwa mwenyewe au kwa mamlaka.

Kwa upande wa mmiliki, kanuni za mwaka 2018 zinaziweka ndege hizi chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huhitajika pia. Anayerusha bila kibali hujikuta katika mtego wa ajabu: ndege yake ikipotea, anaogopa kwenda kutoa taarifa mahali pale pale ambapo mwananchi mwema ameikabidhi.

Matokeo yake ni kwamba ndege inakaa kwenye kabati la ofisi, betri inavimba, na mwenyewe anaendelea kuzunguka migombani.

Tahadhari zenyewe si ghali. Karatasi ndogo yenye namba ya simu, iliyobandikwa kwa gundi isiyolowa maji. Kimo cha kurejea nyumbani kilichopangwa juu ya mti mrefu na kilima kilicho karibu. Subira ya dakika moja ili satelaiti zipatikane. Kifaa kidogo cha kutoa mlio chenye betri yake, kwa anayeweza kukinunua. Na kibali mkononi.

Aliyefanya hayo akipotelewa, ana alama ya mwisho kwenye simu yake, ana haki ya kubisha hodi kwenye ofisi yoyote, na ana jina lililosafiri na ndege yake. Aliyeiokota naye, akiiacha bila kuiwasha na kuitenga betri yake na nyumba, atakuwa ameokoa mali ya mwenzake, na pengine paa la nyumba yake mwenyewe.